Mjadala wa Jiko la Nyama na Bomba la Gari la Safari

Hoja iliyowekwa mbele ya baraza ni hii: je, yafaa mtu mwenye gari-nyumba, yaani gari lililojengewa ndani yake vitanda, friji na jiko, lenye mtungi wake wa gesi na mabomba yake yaliyokwisha fungwa, aunganishe na mabomba hayo jiko la kuchomea nyama litakalosimama nje, au ni aula kwake abaki na makaa kama walivyobaki wazee, au, ikiwa hana budi ya kutumia gesi, abebe mtungi wa pili kwa ajili ya jiko hilo peke yake? Huenda swali hili likaonekana la anasa kwa msomaji ambaye safari yake ndefu ni ya matatu kutoka Wote kwenda Machakos. Lakini Ukambani ni nchi ya njia, ambayo barabara kuu ya Mombasa huipasua upande wa Makueni kwa Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hata Mtito Andei, na ambayo siku hizi ina lami itokayo Kibwezi, ikavuka mto Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hata mji wa Kitui. Na katika njia hizo magari ya namna hii hupita yakielekea vilima vya Chyulu au lango la Ithumba la Tsavo Mashariki, na jua likichwa wasafiri wake hutaka nyama ya mbuzi, na nyama haiivi kwa maneno.

Wasemaji nimewapa majina ya kazi zao, kwa kuwa ni sauti nilizozitunga kutokana na kauli za wengi, wala si watu wa kuelekezewa kidole.

DEREVA: Wazee wangu, na wewe Mama, mimi si mtu wa hoja ndefu. Gari langu lilikuwa lori, likafanywa nyumba. Nyuma yake, katika sanduku la chuma, mna mtungi wa kilo 13, na bomba la shaba hutoka hapo likapita chini ya sakafu mpaka kwenye jiko la ndani na kwenye friji. Wageni wangu, hasa Wakenya wenzetu watokao Nairobi, hawaihesabu safari kuwa ni safari pasipo nyama choma, nami nimechoka na makaa: huchafua gari, hulowa mvua ikinyesha, na usiku, wenzangu wakiwa wamelala, hunilazimu kukaa nikilinda majivu yafe, maana nyasi za Kitui mwezi wa Septemba hazingoji zaidi ya cheche moja. Basi nimenunua jiko la gesi la kuchomea, lina mpira wake na regyuleta yake, na muradi wangu ni kulichomeka kwenye bomba lililopo. Sioni maana ya kubeba mitungi miwili katika gari moja.

MAMA MWENYE HOTELI: Mwanangu, mimi nauza nyama Emali tangu barabara ile ikiwa na mashimo ya kumeza gurudumu, na nitakwambia bila kuficha kwamba mteja ashukaye kwenye basi haulizi bei kwanza, huvuta pumzi kwanza. Harufu ndiyo humwita. Gesi haina harufu ila ile mbaya waliyoitia makusudi ili mtu ajue inavuja. Utawapikia wageni wako nyama iliyoiva, sikatai, lakini hutawapa nyama choma. Utawapa nyama iliyopashwa moto kwa hisani ya chupa.

MWALIMU MSTAAFU: Kwa heshima yako, Mama, hapo umehukumu kabla shahidi hajasema. Makaa yaliyokolea vizuri hayana moshi wa kutajika, na ndiyo maana twayataka yakolee. Ile harufu imwitayo abiria wako aghalabu hutoka katika mafuta na maji ya nyama yadondokayo juu ya kitu cha moto, yakaungua, yakapanda kuwa moshi na kuirudia nyama yenyewe. Jiko la gesi lililotengenezwa kwa akili lina bati au mawe juu ya kichomeo kwa kazi hiyo hiyo, mafuta yadondoke hapo yaungue. Tofauti ipo, wala sitaifuta: makaa hutoa joto kali la mng'aro lichomalo ngozi ya nyama upesi, na jiko hafifu la gesi haliwezi hilo. Lakini mbuzi mwenye mafuta, juu ya jiko zuri, mlaji aliyefumbwa macho angepata taabu kubainisha.

MAMA MWENYE HOTELI: Mfumbe macho, Mwalimu, usimfumbe pua.

MWALIMU MSTAAFU: Haya, pua nimekuachia. Lakini kuna jambo zito kuliko ladha. Januari 2018, Gavana Charity Ngilu alipokataza makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti ya Kitui, sababu yake ilikuwa dhahiri kwa kila apitaye Mutomo na Ikutha: migunga iliyochukua umri wa mtu kukua ilikuwa ikienda Nairobi ndani ya magunia. Mwezi uliofuata, serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Sasa gari la watalii, liendalo kutazama pori, lifike pori hilo likiwa limebeba gunia la pori lililochomwa, hilo halina insafu.

MZEE WA MAKAA: Mwalimu, nami naomba nafasi, kwa maana kila mara makaa yakijadiliwa, mchoma makaa huwa hayupo barazani. Katazo unalolisifu nilikuwako. Februari ile ile lori la makaa likachomwa moto huku kwetu, wafanyabiashara wa Kiambu wakalalamika, jambo likageuka la kabila na kabila, hata Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaingilia kati. Na mimi, ambaye sikuchoma lori, nikabaki na tanuri lililojaa na mnunuzi asiyekuja. Mvua ya Kitui waijua: misimu miwili, na mara nyingi mmoja wao hudanganya. Mtu haukati mgunga kwa sababu auchukia. Tena mwatuambia tuiache kuni, tushike gesi, na gesi yenyewe serikali ikaitoza kodi ya ongezeko la thamani ya 16 kwa mia mwaka 2021, ikaishusha kuwa 8 mwaka 2022, ikaiondoa mwaka 2023; mtu wa Ikutha atajuaje ni nia ipi iliyo ya kweli katika hizo tatu?

MWALIMU MSTAAFU: Hapo umenishika. Ningekwambia upande mikau, mti huu wa kwetu uvumiliao ukame, ambao taasisi ya utafiti wa misitu imeushughulikia miaka mingi Kitui na Kibwezi, nao mbao yake ni nzuri.

MZEE WA MAKAA: Nimeipanda, na inamea. Ila mkau hukomaa baada ya miaka kumi na zaidi, na karo ya shule hukomaa kila muhula.

Mwalimu hakujibu, na kwa rai yangu alifanya vyema, kwa maana hilo si deni la jiko moja la gesi kulilipa, wala gari moja la safari likiacha makaa halitamwacha mzee huyu maskini zaidi au tajiri zaidi. Ila itakuwa dhuluma kama nitaandika mjadala wa gesi Ukambani na kujifanya kwamba yeye hakuwako. Tena kuna kichekesho ambacho sina budi kukitaja kwa kupita: kaunti hii ya Kitui iliyokatazwa kuuza makaa ya miti nje imelalia, katika bonde la Mui, makaa ya mawe ambayo serikali imekuwa ikitamani kuyachimba. Sasa turudi kwa dereva na bomba lake, maana mwenye kujua hasa alikuwa bado hajafungua kinywa.

FUNDI: Ndugu yangu Dereva, kazi uitakayo ni nyepesi kwa mkono, lakini si nyepesi kwa akili, nami nitakueleza kiada ili usije ukanilaumu nikikataa kuifanya kwa namna uliyoieleza. Ndani ya mtungi gesi imekaa ikiwa maji, na juu ya maji hayo umekaa mvuke wenye presha kubwa. Tuuziwayo ni mchanganyiko wa propeni na biuteni: propeni peke yake, katika joto la nyuzi 30, husukuma zaidi ya mara kumi ya uzito wa hewa tuivutayo, na biuteni peke yake haifiki mara tatu, na huo mchanganyiko huwa baina ya hayo mawili. Kichomeo cha jiko lako hakiutaki msukumo huo abadan. Chataka milibari 30 hivi, ambazo ni kadiri ya sehemu 3 katika 100 za uzito wa hewa. Regyuleta ndiyo iushushayo ule mkubwa ukawa huu mdogo, ikaushika hapo, mtungi uwe umejaa au u karibu kwisha.

Sasa tazama gari lako. Regyuleta iko pale kwenye mtungi, ndani ya lile sanduku. Kwa hiyo gesi ipitayo chini ya sakafu imekwisha shushwa. Na jiko ulilonunua lina regyuleta yake, kwa kuwa aliyelitengeneza alidhani utalifunga kwenye mtungi moja kwa moja. Ukiliunganisha kama lilivyo, utakuwa umeweka mabawabu wawili katika mlango mmoja, na wa pili hupokea mgeni ambaye wa kwanza amekwisha mvua kila alichonacho. Regyuleta ya pili, iliyofanywa kupokea gesi yenye nguvu, haitapitisha ila kidogo. Mwali utakuwa mfupi na mlegevu, na nyama itakauka kabla ya kuiva. Hapo Mama atakucheka, na atakuwa na haki. Na fundi mwenye haraka akiona mwali ule hutamani kuvipanua vitundu vya kichomeo, na kwa kufanya hivyo hukupa moto wa manjano wenye masizi na jiko ambalo halitakuwa zima tena.

DEREVA: Basi itolewe moja.

FUNDI: Itolewe, ila ile ya jiko, si ile ya gari, maana ya gari yalinda friji na jiko la ndani pia. Na hapo ndipo penye hofu yangu, wala si penginepo. Jiko lililovuliwa regyuleta ni salama kwenye bomba la gari lako, nalo ni balaa tupu likifungwa kwenye mtungi. Nawe hutakaa nalo maisha. Utaliuza, au utamkopesha shemeji yako wa Kathonzweni kwa ajili ya harusi, naye ataona mpira, ataona mtungi, atatafuta kiungo cha kuvikutanisha, na gesi yenye presha yote ya mtungi itatoka katika kichomeo kilichofanywa kwa milibari 30. Mwali utakaotoka hapo hautakuwa wa kuchomea mbuzi. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba nikiitoa regyuleta, naondoa pia kiungo cha mtungi, naweka mwisho wa mpira kiungo cha kuchomeka ambacho huingia tu katika mwenzake kilichofungwa ubavuni mwa gari, kinachojifunga chenyewe kikichomolewa, hata mtu akitaka kukitia kwenye mtungi asiweze.

DEREVA: Na tukiitoa gesi kabla ya regyuleta ya gari, tukaiacha ya jiko mahali pake? Hapo bawabu ni mmoja kwa kila mlango.

FUNDI: Kwa hesabu umesema kweli, na wako wafanyao hivyo kwa kiungo cha njia tatu karibu na mtungi. Lakini mpira utakaotambaa juu ya nyasi, ukikanyagwa na watoto wa wageni wako, utakuwa umebeba presha yote ya mtungi. Na mpira wa kawaida uuzwao madukani kwa ajili ya jiko la nyumbani haukufanywa kwa kazi hiyo. Mpira wa presha ndogo ukitoboka hupuliza. Wa presha kubwa ukitoboka hurusha. Mimi siutaki.

Kwa wale wasiojua, naongeza hapa, kwa kifupi, jambo linalowakuta wasafiri watokao mbali. Kanuni za mwaka 2009 zililazimisha mitungi midogo ya Kenya kutumia vali ya namna moja, hata regyuleta ya nyumba moja ikaweza kukaa juu ya mtungi wa kampuni yoyote, na hilo lilikuwa jema kubwa kwa mwenye nyumba. Lakini mtu ajaye na gari lake kutoka Afrika Kusini, ambako vali hufungwa kwa skurubu izungukayo kushoto, au kutoka Ulaya, ambako kila nchi ina ada yake, hukuta mtungi wa Kenya haukubaliani na mpira wake, na mara nyingi huishia mikononi mwa mchomeleaji wa kando ya barabara, ambaye uhodari wake ni wa chuma na si wa gesi.

MWALIMU MSTAAFU: Bwana Fundi, umesema ya presha, na nimekuelewa. Je, hewa chafu na moto? Maana Februari 1, 2024, kule Embakasi, Nairobi ilitikisika usiku.

FUNDI: Embakasi, Mwalimu, halikuwa jiko la mtu; palikuwa mahali pa kujazia gesi pasipo na idhini, penye lori lililosheheni, na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ilisema imekwisha yakataa maombi ya kujenga mahali pale mwaka uliotangulia. Lakini funzo la dereva limo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propeni mara moja na nusu, biuteni mara mbili, basi ikivuja haipandi ikatoka dirishani kama moshi wa jiko la kuni, bali hushuka, ikajaza sakafu, ikangoja. Ndiyo maana sanduku la mtungi lazima liwe na matundu chini yake yafunguliayo nje, wala lisiwe na mwanya wa kuingia chumbani. Na barabara ya kwenda Ithumba, ukiacha lami, ni ya changarawe yenye mawimbi. Kila wimbi hulegeza kiungo cha shaba kadiri ya unywele, na mawimbi ni mengi. Vali ya mtungi ifungwe kila gari liendapo. Ukifika, kabla ya kuwasha, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likitoka, usile nyama siku hiyo, ule muthokoi baridi.

Tena mtungi wako usijaziwe vichochoroni. Ajazaye kwa wizi hajui kuacha nafasi, na mtungi hautakiwi kujazwa maji ya gesi zaidi ya kadiri ya sehemu 80 katika 100, kwa kuwa maji hayo hupanuka yakipata joto. Na sanduku la chuma, katikati ya mchana wa Kibwezi, lina joto ambalo wewe mwenyewe hutaki kuweka mkono.

MZEE WA MAKAA: Mambo yote haya kwa ajili ya mbuzi mmoja! Makaa hayana vali.

FUNDI: Hayana, Mzee, lakini yana hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila mwaka mvua ya baridi ikinyesha wako waingizao jiko la makaa ndani ya chumba au hema wakalala, wasiamke. Dereva akichoka kulinda majivu usiku, atavutwa alitie jiko chini ya kitambaa cha kivuli cha gari.

Hapo nadhani Fundi alipima mizani vizuri kuliko sote, kwa maana aliweka hatari mkabala na hatari, hakuweka hatari upande mmoja na salama upande wa pili. Ila nami nilimwuliza swali moja ambalo dereva alikuwa amelisahau: je, regyuleta ya gari itatosha kulisha jiko la nje, jiko la ndani na friji kwa pamoja?

FUNDI: Swali zuri. Regyuleta nyingi za magari-nyumba ya Ulaya hupitisha kilo 1.5 za gesi kwa saa. Jiko la nyama lenye nguvu ya kilowati 10, likifunguliwa lote, hula kilo kama 0.8 kwa saa; jiko la ndani na friji havifiki hapo. Basi yatosha, kama bomba si jembamba mno na si refu mno, kwa maana bomba jembamba nalo hupunguza presha njiani. Tena kama regyuleta si ile ya kubana tu juu ya mtungi wa jikoni, iliyofanywa kwa jiko dogo. Kwa mtungi wa kilo 13 utapata saa 16 za kuchoma kwa moto wote, na nyama haitaki moto wote tangu mwanzo hata mwisho.

MAMA MWENYE HOTELI: Saa kumi na sita? Mimi gunia halinifikishi huko siku za Jumapili. Bwana Fundi, na mtu mwenye hoteli, asiyetaka kuacha makaa yake, ila ataka jiko la pili la gesi kwa siku za mvua?

FUNDI: Wewe, Mama, shida yako si ya mabawabu wawili, wewe utaweka mtungi wa kilo 50 nje ya ukuta, katika kizimba chenye kivuli kipitacho hewa, na regyuleta yake huko huko nje, bomba tu liingie ndani. Usinionyeshe ile pembe ya nyuma ya friji ya soda. Nimeiona, na jibu ni hapana.

MAMA MWENYE HOTELI: Nilikuwa sijasema.

FUNDI: Ulikuwa unaitazama. Na wewe Dereva, njoo Jumatatu, gari likiwa halina wageni na mtungi umefungwa. Nitaweka kiungo cha njia tatu baada ya regyuleta, kisha vali ya kufungia, kisha kiungo cha kuchomeka ubavuni, upande usio wa mlango, na jiko lako litasimama mbali na kitambaa, upande uendako upepo, si utokako. Mpira uwe wa gesi, wenye tarehe yake imechapwa juu yake. Ule wa kumwagilia bustani ulioniletea nimekwisha mpa mtoto afunge mbuzi. Na regyuleta nitakayoivua usiitupe: ifunge kwa waya kwenye mguu wa jiko, ili yeyote atakayelipata baada yako aione na aulize kwa nini haipo mahali pake.